Nembo ya jumba la maonyesho ya kisasa Mombasa: nianzie wapi, ikiwa si kwa jahazi wala pembe?

Swali: Msanifu michoro, Ganjoni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote mnaopita hapa.

Kikundi kimoja cha sanaa za jukwaani mjini kwetu kimenikabidhi kazi ya kubuni utambulisho wake wote wa kimuonekano, yaani nembo, mabango, tiketi, kurasa za mitandao ya kijamii na maandishi ya ukutani. Kikundi chenyewe hakichezi tamthilia za pazia na mandhari ya kuchorwa. Kimepata ghala la zamani lisilo na jukwaa la kudumu, viti huhamishwa kwa kila onyesho, na ndani ya mwezi mmoja mtazamaji anaweza kukuta ngoma ya kisasa isiyo na neno hata moja, usiku wa mashairi yanayoghaniwa kwa zumari, na mchezo wa mtu mmoja anayezungumza huku akipita katikati ya watazamaji waliosimama.

Kamati imeniletea mawazo matatu na inataka nichague moja: vinyago viwili, kimoja kikicheka na kingine kikilia, jahazi lenye tanga, au zile pembe kubwa za ndovu za Barabara ya Moi. Vinyago hivyo ni urithi wa Wayunani wa kale, na kikundi hiki hakijawahi kucheza kwa kinyago. Jahazi na pembe sina ugomvi navyo, ila hoteli, kampuni za utalii na maduka ya simu yamekwisha kuvitumia hadi jicho halivioni tena. Nimewaeleza kwamba nembo ya aina hiyo humtangazia mgeni mji, ilhali watazamaji tunaowahitaji ni watu wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Majengo, ambao mji wanaujua. Wakaniuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, basi badala yake niweke nini, na hapo ndipo nilipokwama.

Linalonitatiza zaidi ni namna ya kupata sura moja itakayobeba maonyesho yasiyofanana hata kidogo, pasi na kila bango kuonekana limetoka nyumba yake, na pasi na yote kuwa nakala ya lile la mwezi uliopita. Fedha ni kidogo. Mabango mengi yatachapwa kwenye maduka ya kawaida ya mjini na kutundikwa juani, na mengine yatatumwa kwa WhatsApp peke yake. Mjumbe mmoja ameomba pia jina liandikwe kwa herufi za Kiarabu kama Kiswahili kilivyoandikwa zamani, nami sijaamua kama hilo ni wazo la maana au ni pambo tu. Naomba mawazo ya waliowahi kuishika kazi ya namna hii.

Jibu: Mwalimu wa usanifu michoro, Tudor

Ndugu yangu, kamati inatafuta picha, na wewe unatafuta picha iliyo bora kuliko yao. Nadhani nyote mnakitafuta kisichohitajika. Kiwanda cha sabuni huuza kitu kilekile mwaka mzima, kwa hiyo picha moja inakitosha. Jumba la maonyesho huuza kitu ambacho mwezi ujao hakitakuwapo. Kinachodumu katika jumba kama hilo ni namna yake ya kusema na watu, na kinachopaswa kubuniwa ni kanuni ya kupanga vitu: herufi zikae wapi na ziwe na uzito gani, picha iingie kwa masharti gani, rangi ngapi ziruhusiwe kwa bango moja. Nembo huja baadaye, na huwa ndogo kuliko kamati inavyodhani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa The Public Theater ya New York, jumba lililoanzishwa na Joseph Papp. George C. Wolfe alipochukua uongozi wake mwaka 1993, jumba lilikuwa na majina kadhaa yaliyowachanganya watu, lakini mtaani liliitwa Public basi. Mwaka uliofuata, mbunifu Paula Scher wa kampuni ya Pentagram alilichukua neno hilo la mtaani akaliandika kwa herufi zinazopungua unene, P ikiwa nzito kupita zote na C nyembamba kupita zote, kwa kufuata mtindo wa herufi za mbao zilizotumika zamani kuchapa matangazo ya barabarani. Hapakuwa na kinyago wala pazia. Mabango ya michezo yalijazwa maneno ya vimo mbalimbali, mengine yamelazwa upande, na mpita njia aliyeliona bango kwa mbali alijua limetoka nyumba gani kabla hajasoma jina la mchezo.

Jambo linalosahaulika katika kisa hicho ni kwamba mtindo ule ulipofanikiwa uliigwa na watangazaji wengine mjini humo mpaka ukaacha kuwa mali ya Public, na Scher mwenyewe akalazimika kuuhama. Nembo ilichorwa upya mwaka 2008, na mabango ya tamasha lao la kiangazi la Shakespeare katika Central Park hupewa sura mpya msimu hadi msimu. Nalitaja hilo ili usije ukaiambia kamati kwamba kazi hii hufanywa mara moja ikaisha.

Herufi za mbao za New York waachie wenyewe. Hapa kwetu ipo kanuni ya kupanga maneno na picha ambayo kila mtu wa pwani huisoma bila kufundishwa, nayo ni leso. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, ule msemo wa herufi kubwa unaokaa ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji. Mapambo hubadilika kila toleo, rangi hubadilika, msemo hubadilika, na bado hakuna anayeitazama akaidhania kitenge. Umeuliza namna ya kupata sura moja kwa vitu visivyofanana. Watengenezaji wa leso wamekuwa wakilijibu swali hilo tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Chukua kanuni, uache mapambo. Sisemi uchore korosho, lile pambo la leso, kwenye pembe nne za bango. Nasema bango liwe na pindo la upana usiobadilika, na ndani ya pindo hilo zikae habari zinazorudi kila mara: jina la jumba, mahali, saa, namba ya kulipia kwa M-Pesa. Mji uachiwe onyesho, na humo mwelekezi afanye apendavyo, awe na picha, mchoro au weusi mtupu. Jina la onyesho likae kwenye kisanduku chake chini ya mji, daima kwa herufi za aina moja na kimo kimoja, liwe refu au fupi. Kwenye tiketi pindo linaweza kubaki upande mmoja tu. Kwenye duara la picha ya WhatsApp linakuwa ukingo wa duara. Ukutani linakuwa mstari mnene wa rangi unaouzunguka mlango wa ghala. Rangi nadhani utazipata hukohuko, katika kisutu, ile leso ya harusi, yaani nyeusi, nyekundu na nyeupe, wala sioni sababu ya kuongeza ya nne.

Nenda Barabara ya Biashara, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak limeuza leso kwa vizazi, usimame mbele ya leso zilizotundikwa safu kwa safu. Usipige picha ya mapambo. Rudi nyuma hatua kadhaa mpaka usiweze tena kuyaona mapambo, na uangalie kinachobaki.

Jibu: Mpiga chapa, Mwembe Tayari

Mwalimu amesema vyema, ila ile nyekundu yake naitilia shaka, kwa kuwa mimi ndiye ninayeletewa mabango yaliyopauka nikaulizwa nilifanya nini.

Mashine zetu huchanganya wino wa aina nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Nyekundu hupatikana kwa kuchanganya majenta na manjano, na hizo mbili ndizo zinazoshindwa na jua mapema. Bango jekundu linalopigwa na jua kutwa hugeuka waridi lililochujuka, kisha hata hilo waridi hupotea. Kinachosalia na nguvu ni nyeusi na sayani, ndiyo maana mabango ya zamani mjini, hata yaliyoanza na rangi zote, huishia kuwa ya samawati. Na mji wenyewe ni wa samawati: tangu mwaka 2018, serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na ukingo wa samawati, bango lililopauka huzama ukutani mtu asilione.

Sikwambii uiache nyekundu. Juu ya kuta hizo hakuna rangi itakayoonekana kwa mbali kuliko hiyo, kwa hiyo itafutie njia ya kudumu. Maandishi ya mlangoni na ya gari yafanye kwa stika ya kukata, ambayo rangi imo ndani ya plastiki yenyewe na mashine hufanya kazi ya kisu tu. Hiyo hustahimili jua muda mrefu kuliko stika iliyochapwa kwa wino. Fulana, mifuko, na hata toleo la mabango ya karatasi nene yafanye kwa skrini, yaani chapa ya wavu, ambayo huweka wino mzito wa rangi uliyoichagua bila kuchanganya nukta ndogondogo. Skrini hudai fremu moja kwa kila rangi, na hapo ndipo rangi mbili za Mwalimu juu ya karatasi nyeupe zinapokuokolea fedha. Ukuta wa ghala mpe fundi wa kuandika, akate stenseli na kupaka rangi ya mafuta. Kazi yake itadumu kuliko chochote kitakachotoka kwenye mashine yangu, nami sioni haya kulisema.

Fleksi, yaani turubai la plastiki linalochapwa, ibaki kwa matangazo ya wiki chache. Hapo nina jambo ambalo wasanifu hawalifikirii mpaka limewafika. Bango la fleksi hutobolewa vitundu vya kamba ukingoni, na wakati wa kusi upepo hulipasua kuanzia kwenye vitundu hivyo, si katikati. Sisi hukunja ukingo na kuuunganisha kwa joto kabla ya kutoboa, nao ukunjaji huo hula sentimita kadhaa za kila upande. Ukiweka tarehe na namba ya M-Pesa ndani ya pindo lililofika mwisho kabisa wa bango, kama Mwalimu alivyopendekeza, kitundu kitaitoboa namba ya kulipia, na tarehe itakunjwa nyuma. Acha nafasi tupu ya sentimita tano nje ya pindo katika kila faili la fleksi, hata kama kwenye karatasi huihitaji.

Faili lenyewe niletee la PDF, herufi zimegeuzwa kuwa michoro ya vekta, na mimi nilipate kwa barua pepe au kwa flashi. Picha iliyopitia WhatsApp huwa imebanwa, na ikikuzwa mita tatu kila mtu ataziona pikseli isipokuwa aliyeituma.

Jibu: Mwelekezi wa maonyesho, Mji wa Kale

Nawaheshimu nyote wawili, lakini nina wasiwasi na leso. Dada huyo au ndugu huyo wa Ganjoni amekimbia jahazi na pembe kwa sababu zimetumika kupita kiasi, nasi tunampa kitu kilichokwisha kushonwa kwenye mito ya hoteli zote kutoka Nyali hadi Diani. Mwalimu anasema tuchukue kanuni tuache mapambo. Kamati itasikia neno leso, na kikao kitakachofuata watauliza mapambo yako wapi.

Kwa maoni yangu utambulisho wa kikundi cha maonyesho hutoka ndani ya kazi yake. Volksbühne ya Berlin ilitambulikana kwa miaka mingi kwa gurudumu lenye miguu miwili. Halikutoka kwa kampuni ya matangazo. Bert Neumann, aliyekuwa mbunifu wa mandhari wa jumba hilo, alilitumia katika onyesho la mwaka 1990 lililoelekezwa na Frank Castorf, likawa alama ya nyumba nzima, na baadaye likasimamishwa kama sanamu ya chuma kwenye uwanja wa mbele. Castorf alipoondoka mwaka 2017, sanamu iling'olewa, na zogo lililofuata lilionyesha kwamba watu waliihesabu kuwa ni ya wale waliofanya kazi mle ndani. Ikarudishwa mwaka 2018. Alama yenye nguvu kama hiyo huwezi kuiagiza. Unaweza tu kuwa macho inapojitokeza mazoezini.

Kwa hiyo nenda ukakae nao wakati wa mazoezi kabla ya kuchora chochote. Utaona, kwa mfano, vipande vya utepe vinavyobandikwa sakafuni kumwonyesha mchezaji pa kusimama, msalaba mdogo hapa, pembe ya mraba pale, kila onyesho na ramani yake, na baada ya miezi kadhaa sakafu ya ghala ina tabaka za alama zilizobanduliwa nusu. Sijui kama hicho ndicho unachokitafuta, lakini ni chao, na hakuna hoteli inayokitumia.

Kuna jambo la vitendo pia. Bango huhitajika wiki kadhaa kabla ya onyesho, na onyesho la kisasa wakati huo bado halijakamilika. Mchezaji hajapata vazi, mwelekezi hajaamua mwisho, na hakuna picha yoyote ya kuaminika. Kwa sababu hiyo mabango mengi ya vikundi vyetu huishia kuwa na nyuso za wachezaji zilizopigwa mbele ya ukuta, wote wamekunja mikono. Utambulisho unaotegemea picha nzuri utakwama mwezi wa kwanza. Uwezeshe usimame kwa maandishi peke yake, picha ikipatikana iwe nyongeza. Na kumbuka bango lako litabandikwa kando ya matangazo ya Little Theatre Club na ya Swahilipot pale Ngomeni, kwa hiyo yapige picha yale yaliyopo na uweke la kwako katikati yao kabla ya kuridhika.

Tahadhari moja kabla sijanyamaza. Mtu atapendekeza vigango, kwa sababu umbo lake linavutia na linachoreka kwa urahisi. Vikatae. Ni nguzo za kumbukumbu za wazee wa Kigiriama waliofariki, vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na makumbusho ya Marekani yamekuwa yakivirudisha. Kuviweka kwenye tiketi ni kuwakosea watu ambao huenda ndio watazamaji wako.

Jibu: Mwalimu wa usanifu michoro, Tudor

Mwelekezi, nakubaliana nawe kuhusu kamati, na ninalo jaribio jepesi. Bango likionyeshwa kwa mtu na neno la kwanza kumtoka likawa leso, basi msanifu ameshindwa na alipunguze pindo. Tena neno lenyewe lisitajwe kikaoni. Waambieni tu kuna ukingo, kuna uwanja, kuna kisanduku cha jina.

Alama zako za utepe nimezipenda kuliko nilivyotaka kuzipenda. Zinaingia vizuri ndani ya uwanja huo: onyesho lisilo na picha liwekewe ramani ya utepe wake halisi, na hakuna mbili zitakazofanana. Ila lazima ziwe za kweli, zilizopimwa sakafuni. Zikianza kubuniwa kwenye kompyuta zitakuwa pambo kama korosho.

Jibu: Mhariri wa mashairi, Kibokoni

Kuhusu herufi hamjasema lolote, na utambulisho huu sasa umeachiwa maandishi kuubeba.

Fonti nyingi zilipimwa kwa maneno ya Kiingereza, na maneno yetu yana tabia yake. Ni marefu zaidi, yamejaa a, na karibu kila jina la onyesho lina kiunganishi cha WA, YA au ZA katikati. Katika herufi kubwa, W na A zikikaa pamoja, au Y na A, huacha pengo la pembe tatu ambalo kwenye ukurasa halionekani lakini kwenye bango la mita mbili huonekana kama meno yaliyong'oka. Kabla ya kuchagua fonti, andika maneno kama WANAWAKE WA NG'AMBO YA PILI kwa kimo kikubwa kabisa ulichonacho, uyatazame. Yatakuonyesha pia kile kitone cha ng', ambacho fonti nyingine hukiweka mbali mno hata neno likakatika vipande viwili. Kisanduku cha jina chenye kimo kimoja, kama alivyotaka Mwalimu, kitakulazimisha kutumia fonti yenye upana zaidi ya mmoja, nyembamba kwa jina refu na pana kwa jina fupi. Zipo zinazotolewa bure kwa leseni huria, hata kwa matumizi ya biashara, kwa hiyo hakuna haja ya kutumia ya wizi.

Herufi za Kiarabu ni haki yetu kabisa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa mji huuhuu yaliandikwa kwa hati hiyo, na hata misemo ya leso za awali iliandikwa hivyo kabla ya herufi za Kirumi kushika. Lakini Kiswahili kina sauti za p, ch, v na g ambazo Kiarabu cha kawaida hakina herufi zake, na irabu zetu tano hazina alama tano. Fonti ya Kiarabu iliyochukuliwa bila kuangaliwa inaweza kukosa herufi hizo za ziada na kukuachia vijisanduku vitupu. Scheherazade New, inayotolewa bure na shirika la lugha la SIL, ni mojawapo ya zilizo nazo. Kisha kuna programu za usanifu ambazo zisipowekewa mpangilio wa kulia kwenda kushoto huzitenganisha herufi na kuzipanga kinyume, na jina likachapwa hivyo, kwa sababu hakuna dukani aliyeweza kulisoma.

Ushauri wangu ni kwamba hati hiyo itumike mahali pamoja penye kudumu, kwa mfano mlangoni, ikiandikwa na mtu anayeiandika kwa mkono. Isiwekwe kwenye vipeperushi. Kipeperushi hutupwa chini, na wapo wazee wetu ambao wakiona herufi hizo zinakanyagwa barabarani hawatauliza kwanza zimeandika nini.

Jibu: Wakili, Kizingo

Kwa ufupi tu, kwa sababu mambo haya huachwa hadi pagombane. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inaihesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo, ndugu msanifu, ikiwa unataka kubaki na haki ya kuonyesha michoro yako au ile waliyoikataa, iandike kwenye mkataba kabla ya kukabidhi. Kikundi nacho kisajili jina na nembo kwa Taasisi ya Hakimiliki ya Viwanda, KIPI, katika daraja la 41, ambalo ndilo la burudani na shughuli za utamaduni. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa. Wachezaji wanaopigwa picha za mabango watie saini idhini, hata wakiwa ni marafiki.

Majibu ya muulizaji: Msanifu michoro, Ganjoni

Shukran sana, wakubwa zangu na wenzangu. Nimewasomea kamati sehemu kubwa ya haya, bila kutaja neno lile la Mwalimu, na tumefika mahali.

Rangi ni nyeusi na nyekundu juu ya nyeupe. Ukingo upo, mwembamba kuliko nilivyouchora mara ya kwanza, na habari za kudumu zimo ndani yake. Uwanja wa kati utabeba ramani ya utepe ya kila onyesho, iliyopimwa sakafuni na msaidizi wa jukwaa, na picha zitaingia pale tu zinapopatikana za mazoezi yenyewe. Nembo imebaki kuwa jina la jumba ndani ya kona mbili za utepe. Mjumbe aliyetaka jahazi aliitazama kwa muda akasema haina kitu, kisha akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye fulana yake. Herufi za Kiarabu zitakuwa juu ya mlango peke yake, na tumempata mzee wa Kibokoni atakayeziandika.

Limebaki jambo moja. Kamati inataka bango la kwanza la ukutani liwe jekundu lote, ukuta wa magharibi, na mimi naogopa nisije nikawaahidi kitu ambacho jua litakikanusha. Mpiga chapa, wewe ungefanyaje?

Jibu: Mpiga chapa, Mwembe Tayari

Usiwaahidi, wape waone. Leta nyekundu yako tukate vipande vya upana wa kiganja: kimoja cha fleksi iliyochapwa, kimoja cha fleksi iliyofunikwa kwa plastiki ya kuzuia jua, kimoja cha stika ya kukata, na ubao mdogo uliopakwa rangi ya mafuta na fundi. Kila kipande kifunike nusu yake kwa karatasi nene nyeusi, uvipigilie vyote kwenye ukuta huohuo wa magharibi, si kwenye paa la nyumbani kwako, kwa sababu chumvi ya hapo ndiyo itakayokula bango. Viache hadi onyesho la pili lipite, kisha ufunue karatasi mbele ya kamati. Nusu iliyofichwa itasema rangi ilivyokuwa, na nusu iliyo wazi itasema ilivyofanywa.

Mimi nadhani watachagua rangi ya mafuta. Ikiwa hivyo, mwambie fundi ukuta ukwanguliwe na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, ukauke kabisa, na upakwe rangi ya msingi kwanza, la sivyo nyekundu itabanduka kwa maganda kabla hata ya kupauka. Vipande njoo navyo siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.